MAJI YA MGOMBA NA KUOZA KWA MIZIZI

Mgomba ni mmea upendao maji mengi, na neno hilo halina haja ya kufundishwa mtu yeyote katika nchi hii. Hata mtoto ajua ya kuwa mgomba ukikatwa kwa panga maji huchuruzika, na kwamba mgomba ulio karibu na mfereji hunenepa kuliko ule ulio juu ya kilima. Lakini katika kulijua jambo hilo moja, wakulima wengi hulisahau la pili, nalo ni hili: mgomba hupenda maji yapitayo, wala haupendi maji yakaayo. Migomba mingi hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi, na wenyewe hudhani ya kuwa imekufa kwa kiu.

Sababu ya kudhani hivyo ni nyepesi kueleza. Mgomba ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunyonya maji, hata ukiwa umesimama katikati ya tope. Majani yake hulegea, hugeuka rangi ya manjano kuanzia yale ya chini, na kingo zake hukauka, sawasawa na majani ya mgomba uliokosa maji. Basi mwenye shamba akiyaona hayo hukimbilia debe, au huufungua mfereji, naye kwa kufanya hivyo humuua mgonjwa aliyetaka kumponya. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mtu aonaye mgomba wake umenyauka si kumwagilia, bali ni kuchimba na kutazama.

MGOMBA ULIVYO CHINI YA ARDHI

Kile tukiitacho shina la mgomba kwa kweli si shina. Ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana, kimoja ndani ya kingine. Shina lenyewe ni lile tunguu lililozikwa ardhini, na ndilo litoalo mizizi, machipukizi na hatimaye mkungu. Mizizi mikubwa ya mgomba hutoka katika tunguu hilo, unene wake wapata ule wa kalamu ya risasi, na mgomba mmoja uliokomaa waweza kuwa na mizizi mia mbili au mia tatu, pengine hata zaidi. Huenea kwa upana hatua kadhaa kutoka shinani, lakini haiendi chini sana. Sehemu iliyo kubwa hukaa katika futi moja ya juu ya udongo, au futi moja na nusu.

Katika maelezo hayo machache mna mambo mawili yampasayo mkulima kuyashika. La kwanza ni kwamba maji yakizama chini kupita futi mbili hayamfai tena mgomba. Yamepotea, nayo huenda yamechukua mbolea pamoja nayo. La pili ni kwamba mgomba ukisha kutoa ua, hautoi tena mizizi mipya. Mizizi iliyokuwako siku ile mkungu ulipochomoza ndiyo itakayoulisha mkungu mpaka siku ya kukatwa. Ikioza katika wakati huo, mama hana namna ya kuirudisha. Vidole vitabaki vyembamba, au mgomba utaanguka na mkungu wake kabla haujakomaa, maana hakuna tena kilichoushika ardhini. Mwenye kuona migomba yake ikianguka wakati wa pepo za kawaida, wala si tufani, na aitazame mizizi kabla ya kuulaumu upepo.

Sasa kuhusu kuoza kwenyewe. Mizizi huvuta hewa kama viumbe vingine. Udongo mzuri una matundu madogo mengi sana, mengine yamejaa maji na mengine yamejaa hewa, na mizizi hupita katikati yake ikipata vyote viwili. Maji yakijaa matundu yote, hewa hufukuzwa. Ile kidogo iliyobaki hutumika upesi, na ncha za mizizi huanza kufa baada ya siku chache tu. Mzizi uliokufa hauna kinga. Viini vya ukungu na bakteria, ambavyo sikuzote vimo udongoni vikingoja, huuingia na kuugeuza kuwa mweusi na laini. Ukiuvuta kwa vidole ganda hutoka lote, na mkononi hubaki uzi mwembamba wa katikati. Mzizi mzima hauko hivyo: ni mgumu kidogo, na ukiukata kwa kisu ndani ni mweupe.

Uchunguzi huu hauhitaji chombo chochote ila jembe. Chimba polepole hatua moja ndogo kutoka shinani, upande mmoja tu, kwa kina cha futi moja. Chukua mizizi mitano au sita, uikate na kuinusa. Kisha chukua udongo wa pale chini uufinye katika kiganja. Ukitoa maji kati ya vidole, mgomba huo hauna kiu hata kidogo, majani yaseme yasemavyo. Ukishikamana kama donge lisilochuruzika, maji yatosha. Ukimomonyoka na kuwa vumbi, basi ndipo uende ukachukue debe.

KIASI CHA MAJI

Yako maswali mengi juu ya kiasi cha maji, na wengi hutaka kuambiwa hesabu moja itoshayo kwa kila shamba. Hesabu ya namna hiyo haiko, lakini ziko zinazokaribia. Mgomba hutaka, kwa uchache, maji ya mvua ya inchi moja kila juma, yaani milimita 25. Katika nchi za chini zenye joto kali na upepo mkavu huhitaji zaidi, milimita tano au sita kwa siku. Na ikumbukwe ya kuwa milimita moja ya maji juu ya eneo la mita moja kwa mita moja ni lita moja kamili. Basi mtu aliyezungushia shina lake bonde la mita mbili kwa mita mbili ana mita nne za mraba. Milimita 25 juu ya eneo hilo ni lita 100, nazo ni madebe matano ya lita ishirini kwa juma moja. Nchi ya joto itataka madebe saba au manane. Mche mdogo uliopandwa juzi hauna mizizi ya kunywa kiasi hicho. Debe moja kila siku ya tatu au ya nne lawatosha wengi wao, na kuzidisha hapo ni kuusumbua.

Madebe hayo hayafai kumwagwa yote siku moja katika kila udongo. Udongo wa mchanga hauwezi kuhifadhi mengi; yafaa kugawanya na kumwagilia kila siku ya pili au ya tatu. Udongo wa tifutifu huweza kungoja siku nne au tano. Udongo mzito wa mfinyanzi huhifadhi maji mengi nao huyaachilia polepole, na huko mara moja kwa juma huwa yatosha. Hapa ndipo watu wengi hufanya kinyume. Aliye na mchanga humwagilia kwa nadra na kwa wingi, na aliye na mfinyanzi humwagilia kila jioni kwa sababu uso wa ardhi umekauka na kupasuka, hali futi moja chini yake ni tope.

Wakati ulio mwema ni asubuhi na mapema au jioni, jua lisije likanyang'anya sehemu yake kwanza. Tena upo wakati katika maisha ya mgomba ambao haufai kuukosesha maji hata kidogo, ijapokuwa hakuna dalili ya nje ya kumjulisha mkulima. Majuma mengi kabla mkungu haujaonekana, ua huumbwa ndani kabisa, chini, katika tunguu. Na siku hizo ndizo ihesabiwapo idadi ya chane na vidole. Kiu ikiupata mgomba wakati huo, mkungu utakaotoka utakuwa mdogo, hata kama mvua itanyesha sana baadaye. Mvua ya baadaye huweza kunenepesha vidole, lakini haiwezi kuongeza chane.

TAVETA NA KISII

Mahali pawili katika Kenya patatuonyesha mambo haya kwa namna mbili zilizo tofauti. Taveta, iliyo mpakani na Tanzania, ni nchi ya chini, yenye joto na mvua chache. Lakini maji ya mlima Kilimanjaro hutokea huko katika chemchemi na katika mto Lumi, nayo huongozwa kwa mifereji mpaka mashambani, na kwa maji hayo Taveta hukuza ndizi ziendazo kuuzwa Mombasa na Nairobi. Katika kilimo cha mifereji mtu hapati maji kila atakapo. Hungoja zamu yake. Naye aliyengoja siku nyingi, zamu ikifika, hutaka kuitumia mpaka tone la mwisho. Huyaacha maji yakasimama shambani usiku kucha, na asubuhi migomba huonekana kana kwamba imo ziwani. Moyo wake unaeleweka, maana hajui zamu ijayo itafika lini au kama mwenzake wa juu ataiheshimu. Lakini udongo ni kama mtungi: ukisha kujaa, kinachoongezwa humwagika. Afadhali mkulima huyo ayaingize maji katika mabonde ya mashina, ayaone yamezama, kisha afunge na kumwachia mwenziwe. Na chini ya shamba awe na mtaro wa kuyatoa yale yaliyozidi. Mfereji wa kuleta maji pasipo mtaro wa kuyaondoa ni nusu ya kazi.

Na ikiwa zamu ni ya mbali sana, dawa yake haimo katika kugharikisha bali katika kutandaza. Majani makavu ya migomba, nyasi, mabua ya mahindi, vyote vyafaa. Tandiko lenye unene wa shubiri moja hivi huzuia jua kuukausha udongo, huzuia magugu, na likioza huwa chakula cha mgomba. Lisisongezwe mpaka kuligusa shina, maana hapo pataloana siku zote, na fukusi wa migomba, aliye adui mwingine wa tunguu, hupapenda mahali pa namna hiyo. Acheni nafasi ya hatua moja ndogo.

Kisii mambo ni mengine. Huko mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, wala si wengi wahangaikao kumwagilia. Shida ya Kisii, na ya mabonde ya Murang'a, Kirinyaga na Meru wakati wa mvua ndefu, ni kuyaondoa maji. Mgomba ulio ubavuni mwa kilima kwa kawaida hauna neno. Ule uliopandwa chini kabisa, karibu na kijito, kwa kuwa pale pana rutuba na ubaridi, ndio upatao taabu kuanzia mwezi wa Aprili. Mahali pa namna hiyo pachimbwe mitaro yenye kina cha futi mbili au zaidi kati ya mistari, na udongo uliotoka humo uwekwe juu ya mistari kuwa tuta, na migomba ipandwe juu ya tuta. Juu ya shamba, kwenye mteremko, uchimbwe mfereji wa kukinga maji yatokayo kilimani. Kazi hii ni nzito na hufanywa wakati wa kiangazi. Aanzaye mvua ikisha kunyesha hufinyanga tope tu.

SHIMO LA KUPANDIA

Yafaa kusema neno juu ya shimo, maana hapa pana shauri jema ambalo hugeuka kuwa baya likifuatwa pasipo kufikiri. Wakulima hufundishwa kuchimba shimo la futi mbili kila upande na kina chake, na katika nchi kavu shimo pana zaidi, la futi tatu, kisha kurudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Shauri hili ni zuri kabisa katika udongo upitishao maji. Lakini katika udongo mweusi wa mfinyanzi, kuta za shimo hilo hazipitishi kitu. Mvua inyeshapo, maji yote ya jirani huingia katika ule udongo laini wa shimoni na kukaa humo. Mkulima amechimba kisima, kisha amepanda mgomba ndani yake.

Jaribu kabla ya kupanda. Chimba shimo dogo la futi moja, lijaze maji, yaache yazame, kisha lijaze mara ya pili na uangalie saa. Maji yakisha kwa muda wa saa chache, panda bila hofu. Yakiwa bado yamo kesho yake asubuhi, panda juu ya tuta, au tafuta mahali pengine.

Wakazi wa mjini nao wana migomba yao, mara nyingi mitatu au minne nyuma ya nyumba, mahali pamwagikapo maji ya bafuni. Desturi hii ni nzuri na ya akili, kwa sababu maji ambayo yangekuwa uchafu huwa ndizi. Lakini mtazame kama maji yale yanapita au yanasimama. Yakiwa na harufu na utelezi wa kijani juu yake, yageuzieni njia: leo upande huu, juma lijalo upande ule, ili udongo upate kupumua. Maji yenye chumvi nyingi au dawa kali za kusafishia choo yasielekezwe huko kabisa. Kingo za majani zitakauka kama zilizochomwa moto.

SI KILA KUOZA HUTOKANA NA MAJI

Hapa ni lazima kuwa waangalifu, maana yako maradhi yafananayo na haya ambayo mtaro peke yake hauyaponyi.

Iko minyoo midogo sana ya udongoni, isiyoonekana kwa macho, iingiayo ndani ya mizizi na kuila. Mzizi ulioliwa nayo, ukipasuliwa kwa urefu, una mabaka ya rangi nyekundu yenye weusi, hata kama udongo ni mkavu. Migomba yake huanguka kama ile ya maji mengi. Minyoo hii husafiri pamoja na machipukizi yatokayo shamba moja kwenda jingine, na ndiyo sababu chipukizi la kupanda lisipandwe hivi hivi kama lilivyong'olewa. Likatwe mizizi yote, limenywe ganda la nje la tunguu mpaka weupe uonekane, kisha tunguu litumbukizwe katika maji yachemkayo kwa nusu dakika, yaani hesabu ya polepole mpaka thelathini, na kutolewa mara moja. Wengi huogopa ya kuwa litapikika. Halipikiki, ganda la juu tu ndilo lipatalo moto, na minyoo iliyo humo hufa pamoja na mayai ya fukusi. Miche inayooteshwa katika maabara, ambayo Kenya imekuwa ikiitumia tangu miaka ya 1990, huja bila minyoo wala fukusi. Lakini ni miororo, na katika joto na unyevu mwingi huweza kuoza tunguu upesi kuliko chipukizi la kawaida.

Uko pia mnyauko wa Panama, uletwao na ukungu ukaao udongoni miaka mingi sana. Huo ndio ulioangamiza mashamba makubwa ya ndizi za Gros Michel huko Amerika ya Kati, hata kufikia miaka ya 1960 wauzaji wa ndizi ng'ambo walikuwa wamezihamia ndizi za Cavendish. Gros Michel ndiyo ndizi tuiitayo Kampala, na ile ndogo tamu ya kisukari nayo hushikwa na ugonjwa huo. Ukikata shina la mgomba ulionyauka ukaona mistari ya rangi ya kahawia au nyekundu ikipanda ndani yake, usiumwagilie maji yakatiririka kwenda kwa mingine, kwa maana ukungu huo husafiri kwa maji ya mfereji na kwa tope la viatu na majembe. Aina nyingine ya ukungu huo, iwezayo kuishika hata Cavendish, ilionekana Msumbiji mwaka 2013. Kwa hiyo kuleta machipukizi kutoka nchi nyingine, hata kama ni zawadi ya ndugu, ni jambo la kukataa.

Na mgomba ukikatwa ukatoa usaha wa manjano, na ndizi zikaiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, huo ni mnyauko wa bakteria. Ulionekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia Kenya kupitia upande wa magharibi. Huo huenezwa zaidi na visu na wadudu wa maua kuliko maji. Mjulishe Bwana Shamba, na panga lako lisiguse mgomba mwingine kabla ya kupitishwa motoni.

KUUTIBU MGOMBA ULIOOZA MIZIZI

Ikiwa umechimba, ukaona mizizi myeusi, na hapana dalili za maradhi hayo mengine, bado liko tumaini maadamu tunguu ni gumu. Acha kumwagilia. Ondoa tandiko ili jua na hewa viufikie udongo, na chimba mtaro mdogo wa kuyatoa maji upande wa chini. Punguza machipukizi, yabaki mama, binti na mjukuu, maana mizizi michache haiwezi kulisha watoto wengi. Mgomba wenye mkungu uegemezwe kwa nguzo mbili za panda. Kisha mimina udongo mzuri uliochanganywa na samadi kulizunguka tunguu, juu kidogo ya usawa wa shamba. Machipukizi yatatoa mizizi yao mipya katika udongo huo wenye hewa. Majani mapya yakianza kutoka yakiwa mapana na ya kijani kibichi, rudisha maji kidogo kidogo.

Lakini tunguu likibonyea kwa kidole na kutoa harufu mbaya, usipoteze samadi. Ling'oe lote, likatekate na kulianika juani mbali na shamba, na shimo liache wazi likauke msimu mzima wa kiangazi. Katika nafasi hiyo panda maharagwe au viazi vitamu mvua ijayo, na mgomba mpya upandwe hatua chache kando, juu ya tuta, mtaro ukiwa umekwisha chimbwa.